Chakula cha mbwa cha mama wa Katubuka: kitunguu hamna, mchanga upo

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Kisado kimoja cha chakula cha mbwa anachopika mama wa Katubuka, hapa Kigoma, ni Sh 2,000, unaenda na ndoo yako mwenyewe. Ukimtuma bodaboda akuletee Gungu au Mwanga, ongeza buku, na umwambie afunike vizuri, la sivyo abiria wake wote wa siku hiyo watanuka dagaa. Ukifika baada ya saa nne asubuhi unakuta masufuria yanaoshwa.

Mimi nauza mawese kwa jumla. Stoo yangu iko Gungu na nina mbwa wawili wa kulinda madumu: Simba, dume zito la kilo ishirini na kitu, na Jeki, ambaye ni jike, aliyempa jina hakuangalia vizuri. Sio mtu wa kumpakata mbwa wala kumpiga picha. Ila mbwa asiyekula halindi, na mbwa anayeumwa anakula hela kuliko mlinzi mwenye bunduki. Kwa hiyo haya ninayoandika ni maoni ya mtu anayehesabu shilingi.

Chakula chenyewe ni ugali mgumu wa rangi ya kahawia. Kuna dona, pumba laini ya mahindi, unga wa muhogo kidogo wa kushikia, dagaa waliotwangwa, vichwa vya samaki aina ya migebuka vilivyochemshwa mpaka mfupa unasagika kwa vidole, na mawese kidogo ya kuleta mng'ao. Chumvi hatii. Pilipili hatii. Na kitunguu hatii, na hilo ndilo hasa linalonifanya nipite maduka na vibanda vyote vya njiani nikamfuate yeye Katubuka.

Najua kuna watakaosema mbwa wa kwetu wanakula chochote. Kweli, wanakula. Wanakula hata kile kinachowaua, ndiyo shida yao.

Mji wetu huu mbwa wengi wanaishi kwa makombo. Mgahawa unauza ndoo ya makombo kwa buku, wakati mwingine wanakupa bure ili wasihangaike na kutupa. Ukiangalia ndani ya ndoo ile unaona wali, maharage, mifupa, mchuzi. Kitunguu hukioni kwa sababu kimeshayeyuka kwenye rojo. Lakini nitajie chakula kimoja cha mgahawani Kigoma kisichoanza na kitunguu kukaangwa. Mchuzi wa migebuka, pilau, maharage ya nazi, sambusa, rosti la nyama, yote yanaanza na kitunguu. Kachumbari ndiyo usiseme.

Shemeji yangu wa Katonga alipata somo hilo kwa mbwa wake, Bosi, mwembamba wa kilo kumi na mbili hivi. Jirani alikuwa na harusi, na vijana wa kuosha vyombo wakammwagia Bosi beseni zima: pilau, rojo la chini ya sufuria, na kachumbari iliyobaki, kwa nia njema kabisa. Akala akalala. Kesho yake mzima. Keshokutwa mzima, ila mvivu kidogo, watu wakasema ameshiba harusi. Siku iliyofuata hakusimama kumbwekea hata mtu mgeni, anahema kwa haraka akiwa amelala tu kivulini, na alipokojoa ukutani mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea.

Kila mtu akasema kupe. Na hakuna wa kuwalaumu, maana huku kwetu homa ya kupe inamfanya mbwa vilevile: anaishiwa damu, mkojo unakuwa mweusi, hali chakula. Walioishi karibu na mapori ya Uvinza na Kasulu wakataja ugonjwa wa ndorobo, yaani mbung'o. Daktari wa mifugo aliyeitwa naye alianza na hilohilo, akatoa damu akaiangalia kwenye darubini, vijidudu hakuona. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: huyu alikula nini wiki hii? Shemeji akamtajia beseni la harusi, na daktari akasema, "Kachumbari. Hapo ndipo penyewe."

Alivyotueleza, nami nawaeleza. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, vile vitunguu vidogo vya kizungu, vyote ni ukoo mmoja, na vyote vina kemikali za salfa, hizohizo zinazokutoa machozi ukikata. Mbwa akizila, zinaingia kwenye damu na kuishambulia himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu. Himoglobini inaharibika inajikunja kuwa vidonge vidogo ndani ya chembe, mwili unaiona chembe hiyo imeoza, unaivunja. Binadamu tuna kinga ya kutosha dhidi ya hilo, ndiyo maana tunakula kachumbari mpaka mdomo unanuka na hakuna linalotupata. Mbwa kinga yake ni dhaifu, na paka ni dhaifu zaidi. Wala si mambo ya jana. Mwaka 1930 mtafiti wa Marekani aitwaye W. H. Sebrell aliwalisha mbwa vitunguu makusudi akaonyesha damu yao ikipungua.

Kipimo ambacho madaktari wa wanyama wanakitaja ni gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo moja ya mbwa. Hapo damu inaharibika kwa kiwango cha kuonekana. Kwa Bosi, piga hesabu: gramu 180 zinatosha kuanza. Nenda sokoni Mwanga uchukue vitunguu viwili vya wastani uviweke kwenye mizani, umefika. Paka ni gramu 5 tu kwa kilo, yaani robo ya kitunguu inaweza kumtosha. Na si lazima vyote viliwe kwa mkupuo mmoja. Kidogo leo, kidogo kesho, kila siku kwenye ndoo ya makombo, uharibifu unajumlika, na wewe unaona tu mbwa anakonda na kuchoka unadhani ni uzee.

Kupika hakusaidii. Hili ndilo wengi wanabisha, hata mimi nilibisha. Ukikaanga, ukichemsha, ukikausha, sumu ile inabaki, na sehemu yake inaingia kwenye mchuzi. Kitunguu cha unga ndicho kibaya zaidi kwa sababu maji yametolewa, kijiko kimoja cha mezani ni kama kitunguu kizima cha wastani kilichokunjwa. Na unga huo upo kwenye vile viungo vya supu vya pakiti, soma nyuma ya pakiti utaona. Saumu nayo, gramu kwa gramu, ni kali kuliko kitunguu maji. Nawasema wale wanaompa mbwa saumu ati inafukuza kupe.

Bosi alipona, taratibu. Dawa ya moja kwa moja ya kuondoa sumu hiyo haipo. Aliwekewa maji ya mshipa, akalazwa asisumbuliwe, mwili ukatengeneza damu nyingine wenyewe kwa wiki kadhaa. Gharama yake siitaji hapa kwa heshima ya shemeji, ila angenunua visado vya mama wa Katubuka mpaka mwaka ukaisha.

Sasa turudi kwa mama, maana sikusudii kumsifia tu.

Kosa la kwanza ni mchanga. Mnajua dagaa wetu wanavyokaushwa: wengine kwenye chanja za waya, wengine wanamwagwa chini mchangani pale ufukweni Kibirizi. Wa chanja ni wasafi na ghali, ni wa kupeleka Dar na kuvusha mipaka. Wa mchangani wenye chenga, au walionyeshewa na mvua wakabadilika rangi, ndio wanaoishia kwenye chakula cha mifugo, na ndio anaonunua yeye. Chukua tonge la chakula chake, livunje kwenye glasi ya maji, koroga, acha kidogo. Pumba inaelea juu, nyama ya dagaa inabaki katikati, na chini kabisa unapata utepe wa mchanga, mwembamba kiasi cha ukucha. Siku mbaya ni zaidi. Mbwa haumwi kwa mchanga huo, lakini meno ya Simba si mapya, na mimi silipi Sh 2,000 kununua ufukwe. Nimemwambia awaoshe dagaa mara mbili kabla ya kutwanga. Anasema maji ya bomba yanakatika. Ni kweli yanakatika, lakini ziwa liko pale chini.

Kosa la pili ni kwamba hakilingani siku zote, na hili linafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Siku hizo chakula chake kinakuwa pumba tupu yenye harufu ya samaki. Bei ya kisado haishuki hata mia. Nikimuuliza ananijibu, "Mwanangu, mwezi si wangu." Mimi nafanya hivi: siku za mbalamwezi nanunua nusu, naongezea mwenyewe mayai ya kuchemsha au maini.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Jambo jema kwa ziwa. Kwa mama likawa balaa, dagaa hamna. Akatafuta mbadala akaupata kwa wachoma nyama: mabaki ya supu, mifupa, vipande vilivyoungua, anachukua jioni, asubuhi anakorogea ugali. Mbwa wakakipenda kuliko cha dagaa. Ziwa likafunguliwa, wateja, hasa walinzi wa magodauni, wakakataa aache. Mpaka leo kila Jumamosi kuna sufuria la supu.

Niligundua kwa pua. Nilifika Jumamosi, harufu ikanigonga, nikamuuliza:

"Mama, hii supu unaitoa wapi?"

"Kwa wachoma nyama. Tamu hiyo! Mbwa wanakomba mpaka ndoo."

"Ina kitunguu?"

Akanitazama kama nimeuliza kama bahari ina maji. "Supu gani isiyo na kitunguu? Na saumu, na tangawizi."

Nikamweleza habari za Bosi. Hakuamini mara moja. Kitunguu ni dawa, alisema, bibi yake alikuwa akimpa kitunguu na asali kwa kikohozi, na mbuzi wake wanakula maganda kila siku, mbona hawafi? Hoja ya mbuzi ilinibana kidogo mpaka nilipomuuliza daktari: mbuzi na kondoo wanavumilia kitunguu kuliko wanyama wengine wa nyumbani, ng'ombe ndiye anayeumia haraka zaidi, na mbwa na paka wako upande wa ng'ombe. Kwa hiyo maganda wapeni mbuzi, tena kwa kiasi, lakini usimpimie mbwa kwa mbuzi.

Sifa zake: alinisikiliza. Wiki iliyofuata nilikuta masufuria mawili, na kibao cha chaki kimeandikwa BILA SUPU. Wafanyabiashara wangapi mjini hapa wangebadilisha jiko kwa sababu mteja mmoja kaleta maneno? Lakini la supu hajaliacha. "Wanalitaka," anasema, na kibiashara namwelewa, ingawa sikubaliani naye hata chembe. Kwa mbwa wa kilo thelathini anayekula bakuli moja kwa wiki pengine halitaonekana lolote. Kwa mbwa mdogo, kwa jike mwenye mimba, kwa mbwa aliyetoka kuumwa kupe ambaye damu yake tayari ni chache, mimi sithubutu. Na mwiko ni mmoja kwa masufuria yote mawili. Kinachobaki kwenye mwiko hakiwezi kumdhuru mbwa, najua, lakini kinaniudhi.

Kuhusu usafi wa mahali sina neno baya. Anapikia chini ya mwembe, mbwa hawaruhusiwi kukaribia, na masufuria yale hayapiki chakula cha watu. Nalisema hili kwa ndugu zangu wa Ujiji, maana najua wengi mna mbwa wa uani na hamtaki mchanganyiko wa vyombo. Ndoo yako haigusi chochote cha kwake zaidi ya kijiko cha kupakulia. Pumba nayo huwa naichungulia kila mara: ikiwa na ukungu au harufu ya kuvunda siichukui, kwa sababu sumukuvu inaua ini la mbwa kimyakimya. Hadi sasa pumba yake ni nzuri.

Hakikai. Joto la Kigoma unalijua. Cha asubuhi kikifika usiku bila friji kimeanza kuchacha. Mimi nakigawa kwa jioni mbili, cha pili kinalala kwenye friji ya soda dukani kwa jirani, kimefunikwa, na jirani analalamika kila mara.

Watu wananiuliza kwa nini nisinunue chakula cha mbwa cha mfuko, kile kinachokuja kwa basi au treni kutoka Dar. Nimewahi kukiona bei yake. Ukiisikia unaweza kubweka wewe.

Nyongeza kwa wanaoendelea na makombo, maana najua wengi mtaendelea. Ukijua mbwa amekula kitunguu kingi, usisubiri aonyeshe. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Ndani ya saa moja au mbili anaweza kumtapisha, baada ya hapo nafasi inapita. Usimnyweshe mawese, na hili nalisema mimi muuza mawese. Maziwa hayasaidii. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine. Na kwa siku kama tano hivi uwe unamfunua mdomo: fizi za mbwa mzima ni za waridi, ukibonyeza kwa kidole zinapauka kisha rangi inarudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Zikiwa nyeupe, au za manjano, au rangi inachelewa kurudi, au mkojo umekuwa mwekundu au kahawia, mpeleke, na ukifika taja chakula kabla hujataja kupe. Mbwa wenye fizi nyeusi kama Jeki wanasumbua kwa kipimo hiki. Yeye namfunua kope ya chini, ndani mle rangi inaonekana.

Wenye paka: chakula hiki kimetengenezwa kwa mbwa, pumba ni nyingi mno kwa paka. Mnunulieni dagaa wakavu, muwaoshe, basi.

Siku hizi mama anasema anataka kuanza uji wa vitoto vya mbwa. Nimemwomba anionyeshe anachotia kabla hajauza, akacheka akasema mimi nimekuwa mkaguzi wa serikali. Sijauona bado.

Ukienda Jumamosi, sufuria lililo upande wa mwembe ndilo bila supu. Akiwepo binti yake badala yake, uliza tena kabla hajapakua, kwa sababu binti anayapanga masufuria anavyotaka na kibao anakisahau ndani. Malipo ni taslimu au kwa simu, na chenji ya mia tano usiitegemee.